Kocha hapimwi kwa makombe: Ivan Lendl na viwanja vya Tanga

Tanga ni mji wa mpira wa miguu. Wagosi wa Kaya (Coastal Union) na Wana Kimanumanu (African Sports) ndio gumzo la vijiweni, na ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988 bado unatajwa kana kwamba ulichukuliwa juzi. Katika mji kama huu ni rahisi kuamini kwamba aliyecheza vizuri atafundisha vizuri. Tenisi, yenye viwanja vichache na wachezaji wachache zaidi, imerithi imani hiyo hiyo. Mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu huuliza kwanza, "Huyu alishawahi kushinda nini?" Swali hilo linaanzia pasipofaa, na mtu anayelionyesha jambo hili kuliko wote ni bingwa mwenyewe, tena bingwa wa makombe mengi: Ivan Lendl.

Lendl alizaliwa Machi 7, 1960, mjini Ostrava, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Mama yake, Olga, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa kike wa nchi hiyo. Mwaka 1978 kijana alitwaa mataji ya vijana ya French Open na Wimbledon, 1980 akawa nguzo ya timu iliyoipa nchi yake Kombe la Davis, na Februari 1983 akashika namba moja duniani. Alipostaafu Desemba 1994, mgongo ukiwa umemshinda, alikuwa na mataji 94 ya mchezaji mmoja mmoja, wiki 270 za kukaa namba moja, na mataji 8 ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi: matatu ya French Open inayochezwa Paris, matatu ya US Open ya New York na mawili ya Australian Open.

Hizo ndizo takwimu ambazo watu huzikimbilia. Kwa mtu anayetaka kuuelewa ukocha wake, kuna hesabu nyingine yenye uzito zaidi. Lendl alicheza fainali 19 za Grand Slam, maana yake alifungwa 11. Nne za kwanza alizipoteza zote: Paris 1981 kwa Björn Borg, New York 1982 na 1983 kwa Jimmy Connors, na Australia mwishoni mwa 1983 kwa Mats Wilander. Watu walishaanza kumsema kuwa ni mtu anayelegea siku kubwa. Fainali ya tano, Paris 1984, alikutana na John McEnroe, ambaye mwaka ule alikuwa hakamatiki, akapoteza seti mbili za mwanzo 3-6, 2-6. Kisha akashinda 6-4, 7-5, 7-5.

Kilichofuata baada ya siku ile ndicho kilichomjenga kocha wa baadaye. Lendl hakujiambia kwamba sasa ameupata ujasiri na mambo yamekwisha. Alianza kupanga kila kitu kinachoweza kupangwa: chakula, mazoezi ya mwili, vifaa, uwanja wenyewe. Bekihendi yake (pigo la upande wa pili wa mkono wa raketi), iliyokuwa ikitegemea zaidi slaisi (mpira unaozunguka kinyumenyume), akaipa topspini (mpira unaozunguka kwenda mbele na kushuka haraka) ili aweze kumpita mtu aliyekimbilia wavuni. Alijulikana kwa kushika raketi mpya kila mipira mipya inapoingia, yaani baada ya gemu 7 za mwanzo na kisha kila gemu 9, kwa sababu nyuzi zilizochapwa kwa nusu saa hazirudishi mpira kama nyuzi mpya. Nyumbani kwake Greenwich, Connecticut, aliwaajiri mafundi wale wale waliokuwa wakitandaza sakafu ya viwanja vya Flushing Meadows, ambako US Open huchezwa, wamjengee uwanja wa namna ile ile. Alicheza fainali 8 za US Open mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1989. Uwanja ule wa nyumbani ulikuwa sehemu ya kazi hiyo, na anayeuona kama anasa ya tajiri amepitwa na maana yake: mtu huyu aliamini kwamba hofu hupungua pale mwili unapokuwa umeshakizoea kitu, na maneno ya kutia moyo hayafiki huko.

Halafu kuna Wimbledon, inayochezwa kwenye nyasi, ambako maandalizi yote yale yaligonga mwamba. Kuanzia 1985 alifundishwa na Tony Roche, Mwaustralia wa mkono wa kushoto, bingwa wa Paris 1966, mchezaji aliyesifika kwa voli, yaani kupiga mpira kabla haujadunda. Roche naye alikuwa mchezaji aliyegeuka kocha, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu wa nyuma ya uwanja aishi wavuni kwenye nyasi. Lendl alifika fainali 1986 akafungwa na Boris Becker, akarudi 1987 akafungwa na Pat Cash. Mwaka 1990 aliiacha kabisa French Open, mashindano aliyokwisha kuyashinda mara tatu, ili ajiandae kwa nyasi. Akashinda pale Queen's, mashindano ya nyasi ya kabla ya Wimbledon, kisha Stefan Edberg akamtoa Wimbledon kwenye nusu fainali. Taji lile hakulipata hadi anastaafu.

Kwa maoni yangu, bila miaka ile ya Wimbledon Lendl angekuwa kocha wa kawaida. Bingwa aliyepata kila alichokitaka huwa na mwelekeo wa kufundisha njia yake tu, kwa kuwa hajawahi kuona njia yake ikikwama. Lendl aliiona yake ikikwama mbele ya macho yake, akiwa amefanya kila kilichotakiwa kufanywa, na mwalimu wake akiwa ni mtu anayeijua kazi. Anajua mahali ambapo juhudi inaishia na maumbile ya mchezo wa mtu yanaanzia. Kocha asiyelijua hilo humtesa mwanafunzi.

Baada ya kustaafu alikaa mbali na raketi kwa miaka mingi, gofu ikawa ndiyo mchezo wake, na 2010 ndipo akaonekana tena kwenye mechi za maonyesho. Mwanzoni mwa 2012 akaanza kazi na Andy Murray, mchezaji wa Uingereza.

Murray alikuwa na umri wa miaka 24, ameshapoteza fainali tatu za Grand Slam: New York 2008 na Melbourne 2010 mbele ya Roger Federer, Melbourne 2011 mbele ya Novak Djokovic. Julai 2012, akiwa na Lendl tayari, akapoteza ya nne, Wimbledon, kwa Federer tena. Nne kwa nne, sawasawa na mwalimu wake. Wiki nne baadaye, kwenye uwanja ule ule, katika fainali ya Olimpiki, alimfunga Federer 6-2, 6-1, 6-4. Septemba akamshinda Djokovic New York kwa seti tano zilizochukua saa 4 na dakika 54, na 2013 akalichukua taji la Wimbledon kwa 6-4, 7-5, 6-4, Mwingereza wa kwanza wa kiume kulitwaa katika mchezo wa mmoja mmoja tangu Fred Perry mwaka 1936, yaani miaka 77.

Wengi hulieleza jambo hili kwa saikolojia tu: walifanana, wakaelewana, basi. Kufanana kulisaidia, hasa kwa kuwa Murray alikuwa na mazoea ya kuwafokea watu wa upande wake pointi zikimwendea vibaya, na si rahisi kumfokea mtu aliyekwisha kupita hapo ulipo, anayekutazama kwa uso usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ukitazama mechi zenyewe utaona kazi ya mikono. Murray wa zamani alisimama mbali nyuma ya mstari akisubiri mpinzani akosee, na forihendi yake, pigo la upande wa mkono wa raketi, ilikuwa ya kurudisha mpira tu. Murray wa Lendl aliipiga forihendi kwa nguvu na kwa mpira ulionyooka zaidi, akaitumia kumaliza pointi. Servisi ya pili, ile inayopigwa kuanzisha pointi ya kwanza ikikosa, ambayo wapinzani waliizoea kama zawadi, ilifanyiwa kazi nayo.

Hapa pana jambo ambalo wanaotafuta kocha mwenye jina hawalitaji. Lendl hakuwa akikaa na Murray kila siku. Alikuja kwa wiki zilizopangwa. Kila asubuhi, mtu aliyekuwa akirusha mipira, akihesabu, akirekodi na kusikiliza malalamiko alikuwa Dani Vallverdu katika kipindi cha kwanza, na Jamie Delgado katika kipindi cha pili. Machi 2014 Lendl na Murray waliachana, na sababu kubwa ilikuwa muda. Aliporudi Juni 2016, mwezi uliofuata Murray akashinda Wimbledon ya pili, kisha dhahabu ya pili ya Olimpiki, na Novemba akawa namba moja duniani. Katikati ya vipindi hivyo alifundishwa na Amélie Mauresmo, bingwa wa Australia na Wimbledon wa 2006, ambaye chini yake Murray alipata mataji yake ya kwanza kwenye viwanja vya udongo, Munich na Madrid, 2015. Kwa hiyo anayesema Murray bila Lendl hakuwa kitu anakosea. Mataji yote matatu ya Grand Slam yalikuja Lendl akiwapo, ndiyo, lakini mchezaji aliyeyachukua alijengwa na mikono mingi, kuanzia ya mama yake, Judy.

Kisha ipo kesi ya Alexander Zverev. Walianza Agosti 2018, na Novemba Zverev akamfunga Federer kwenye nusu fainali na Djokovic kwenye fainali ya mashindano ya kufunga mwaka jijini London. Miezi minane baadaye wakaachana, mchezaji akilalamika hadharani kwamba mwalimu hakuwa ameuweka moyo wake kwenye kazi. Mwaka ule Zverev aliteswa sana na servisi ya pili: kosa juu ya kosa, tena kwenye pointi kubwa. Sitaki kumhukumu yeyote kati yao. Ninachokiona ni kwamba jeraha la kufanana halikuwepo, na kocha wa wiki chache hawezi kuirekebisha servisi iliyoharibika. Servisi hurekebishwa na mtu anayekuwepo Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Turudi Tanga. Mji wenye msemo wa waja leo waondoka leo unawajua vizuri wageni wa siku mbili. Kocha kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi huja, hukusanya watoto 30, hupiga nao picha, huacha mipira kidogo na kuondoka. Ziara hizo zina faida yake, lakini Lendl mwenyewe asingefua dafu bila mtu wa kila asubuhi. Mtu huyo hapa yupo tayari. Ni yule aliyeanza kwa kuokota mipira ya wanachama, akajifunza kwa kutazama, akawa anapiga na watu wazima kwa malipo kidogo, na sasa anaitwa kocha kwa sababu hakuna mwingine. Mara nyingi ana mkono mzuri kuliko wote mjini. Anachokosa ni elimu ya kufundisha, na inajifunzika.

Kosa lake la kwanza, na ni kosa la karibu kila mchezaji anayegeuka kocha, ni foleni. Watoto 12 wanapangwa mstari mmoja, yeye anasimama wavuni na kapu la mipira 40, anarusha, mtoto anapiga mmoja, anarudi nyuma. Ukihesabu sekunde 5 kwa kila mpira, kila mtoto anapata pigo moja kwa dakika. Toa muda wa kuokota mipira na wa mwalimu kuongea, na saa nzima inamwachia mtoto mapigo yasiyozidi 40. Huku ndiko kunakozaa watoto wenye staili nzuri wasioweza kucheza gemu moja.

Dawa yake ni vipimo vya uwanja wenyewe. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 ukihesabu njia za pembeni. Upana huo unatosha kuwa urefu wa kiwanja cha watoto wadogo, kile cha mipira myekundu ya mwendo wa polepole. Ukiugawa urefu kwa nne unapata viwanja vinne vyenye upana wa karibu mita 6 kila kimoja. Kinachohitajika ni kamba mbili za katani, na Tanga kamba ya katani haitafutwi: moja kila upande, kutoka katikati ya wavu hadi uzio wa nyuma, ikipita juu ya mstari wa kati. Kimo chake kiwe sentimita 80 hivi. Kamba ndefu hivyo italegea katikati, kwa hiyo weka nguzo fupi kwenye ndoo ya mchanga pale kwenye mstari wa nyuma na nyingine kati yake na wavu, kisha ning'iniza vipande vya kanga chakavu kila baada ya nusu mita. Bila vitambaa mtoto haioni kamba, na mabishano ya "umepita juu, umepita chini" yatakula somo zima. Watoto 12 wanakuwa watatu kila kiwanja: wawili wanacheza, mmoja anahesabu pointi kwa sauti, wanapokezana kila baada ya dakika 2.

Mipira nayo ni somo. Mpira mwekundu una mwendo wa polepole kuliko wa kawaida kwa asilimia 75 hivi, wa chungwa asilimia 50, wa kijani 25. Mtoto wa miaka 7 akipewa mpira wa njano wa watu wazima, unadunda hadi juu ya kichwa chake, naye anajifunza kurudi nyuma na kupiga akiwa ameegemea kisigino. Tabia hiyo ikikaa miaka miwili, kuiondoa ni kazi ya miaka mingine miwili. Pasipo mipira myekundu, ile ya njano iliyochoka ni afadhali kuliko mipya, ingawa uzito wake haupungui na mkono wa mtoto utaujua. Kuipima ni rahisi: chora alama ukutani kwenye sentimita 254 na nyingine kwenye 135, kwenye sakafu ya saruji. Mpira mzima ukidondoshwa kutoka juu hudunda kati ya sentimita 135 na 147. Usiofika 135 ni wa mazoezi ya watoto na wa servisi, usiwekwe kwenye mechi. Unyevu wa pwani na saruji yenye chembechembe huyafanya manyoya ya mpira yasimame haraka, mpira unavimba na kuwa mzito hewani, na mchezaji anadhani mkono wake ndio uliopungua nguvu.

Upepo ndio mwalimu ambaye Tanga wanaye na bara hawana. Viwanja vya tenisi hujengwa kwa kuelekea kaskazini na kusini ili jua lisimwingie mtu machoni, na kwa hiyo kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka huvuma karibu sawa na urefu wa uwanja. Upande mmoja unapiga na upepo, upande wa pili unapiga dhidi yake. Aliye na upepo mgongoni aongeze topspini na apunguze nguvu, la sivyo mipira yote itatoka nje. Aliye kinyume apige kwa nguvu, mpira ukinyooka. Makocha wengi huahirisha somo upepo ukizidi. Fainali ile ya Murray ya New York 2012 ilichezwa kwenye upepo mkali, na aliyeshinda ni aliyevumilia mipira kuyumba. Mtoto wa Raskazone, pale ufukweni Tanga, anaweza kuupata uzoefu huo kila jioni kuanzia saa 10, bure.

Sehemu ambayo ukocha hupimwa kweli ni servisi ya pili. Mchezaji wa kawaida akikosa ya kwanza huipiga ya pili kwa kupunguza kasi ya mkono, na mkono ukipungua kasi mpira unakosa mzunguko, unaangukia wavuni au unaelea kama embe lililoiva, na mpinzani anauchuma. Kocha mbaya husema, "Tuliza akili." Kocha mzuri hutazama mpira unarushwa wapi. Karibu kila mara utakuta umerushwa chini mno au mbele mno. Kwa mtu wa mkono wa kulia unatakiwa uende juu ya kichwa, kidogo kushoto, ili raketi ipande kuufuata na kuusugua kwenda juu. Mshiko uwe ule wa kushikia nyundo. Kasi ya mkono ibaki ile ile ya servisi ya kwanza, kinachobadilika ni raketi inaugusa mpira wapi. Mwanafunzi aanzie kwenye mstari wa servisi, mita 6.40 kutoka wavuni. Akiingiza 7 kati ya 10 arudi nyuma hatua mbili, akishuka chini ya 5 asogee mbele tena. Kwenye kusi arushe chini kidogo kuliko siku ya shwari, kwa sababu kila sentimita ya ziada juu ni nafasi ya upepo kuubeba mpira.

Kwa hiyo klabu au shule ya Tanga inayotaka kuajiri kocha, iache kwanza cheti na picha ya kombe mezani. Impe mwombaji mtoto mmoja ambaye servisi yake inagonga wavu, mipira 20 na nusu saa. Itazame anasimama wapi: kocha anayesimama mbele ya mtoto haoni mpira unarushwa wapi, anayesimama pembeni anaona. Itazame anasema maneno mangapi kabla ya mtoto kupiga tena, na anabadilisha mambo mangapi kwa mara moja. Likizidi moja, ni mengi. Mwisho imuulize yeye mwenyewe alifungwa vipi katika mechi kubwa aliyowahi kuipoteza. Akijibu kwa kulaumu jua, refa au bahati, itafute mwingine. Akieleza ni pigo gani lilimwangusha, katika gemu gani, na alifanya nini kulirekebisha, impe mkataba wa mwaka mzima, na imlipe kwa siku tano za wiki badala ya kumlipa kwa kila somo.